Hewa ya Moshi si Hewa ya Dar es Salaam

Ndugu msikilizaji, na wewe msomaji unayeyapata mazungumzo haya kwa macho badala ya masikio, juma hili nina barua kutoka Kiboriloni. Aliyeiandika anauza ndizi na nafaka sokoni hapo, kando ya barabara ya kwenda Himo, na anamwuguza mama yake aliyeambiwa kuwa atahitaji kutibiwa kwa mionzi. Swali lake ni fupi. "Sokoni kwetu," anasema, "mizani isiyo na stika ya Wakala wa Vipimo tunaitilia shaka, na gunia la lumbesa tunalijua kwa kulitazama tu. Sasa hiyo mionzi isiyoonekana, isiyosikika wala kunuka, inapimwa kwa mizani gani? Na stika yake iko wapi?"

Kuuliza si ujinga, na huyu ndugu ameuliza jambo ambalo wasomi wengi hupita kando yake. Nimehangaika nalo juma zima, nikisoma na kuwauliza wanaojua. Jibu, kwa ufupi, ni hili: mizani ya mionzi, katika sura yake ya asili na ambayo mpaka leo ndiyo inayoaminiwa zaidi hospitalini, ni sanduku la hewa. Na kwa kuwa ni la hewa, halisemi jambo lile lile Dar es Salaam na Moshi. Sisi tunaoishi chini ya Mlima tuna sababu ya pekee ya kulielewa.

Mwewe na vifaranga

Eksirei ni ndugu wa mwanga wa jua, ila nguvu zake ni nyingi zaidi, kiasi cha kupenya nyama na kuacha kivuli cha mfupa. Mjerumani Wilhelm Röntgen aliigundua Novemba 1895. Mwaka uliofuata, huko Cambridge, Uingereza, Profesa J. J. Thomson na kijana mmoja kutoka New Zealand aliyeitwa Ernest Rutherford walichunguza jambo la ajabu. Hewa, ambayo kwa kawaida haipitishi umeme, ikipigwa na eksirei huanza kupitisha umeme.

Sababu yake si ngumu. Kila atomu ya hewa ina chembe ndogo ziitwazo elektroni, zinazoizunguka kama vifaranga wanavyomzunguka mama yao. Eksirei ikipita ni sawa na mwewe kupita juu ya uwanja. Kifaranga kimoja hutimka upande huu, kuku hubaki upande ule. Elektroni iliyong'oka ina chaji hasi, na atomu iliyopungukiwa, ambayo wataalamu huiita ayoni, ina chaji chanya. Ukiwaacha hivyo hivyo, baada ya kitambo kidogo watarudiana, na hutajua kwamba mwewe alipita.

Basi ujanja wa kupima ni kuwawahi kabla hawajarudiana. Unachukua chombo chenye hewa au gesi nyingine, unaweka ndani yake bati mbili zinazotazamana, na unaziunganisha na umeme wa volti mia kadhaa. Bati chanya huvuta elektroni, bati hasi huvuta ayoni. Kila jozi iliyotenganishwa huhesabika kama mkondo mdogo wa umeme. Chombo hicho huitwa chemba ya ayoni, na hapa tutakiita chemba tu.

Nimesema mkondo mdogo. Balbu ya zamani ya wati 60 hutumia karibu robo ya ampea. Chemba ya hospitalini hupima sehemu moja ya bilioni ya ampea, na pengine chini ya hapo. Kutenganisha jozi moja katika hewa hugharimu wastani wa elektroni-volti 34, kipimo ambacho wanafizikia hukitumia kwa nguvu ndogo ndogo za atomu. Kwa hiyo eksirei moja yenye elektroni-volti 9,000, ikimalizia nguvu zake zote ndani ya chemba, huacha jozi zaidi ya 260. Ukijua idadi ya jozi, unajua nguvu iliyoachwa. Hiyo ndiyo mizani yenyewe.

Ukiongeza volti kupita kiasi fulani, mambo hubadilika. Elektroni zinazokimbilia kwenye bati hupata kasi ya kung'oa nyingine, nazo hung'oa nyingine tena. Ni kama sokoni mtu mmoja anapopiga kelele za mwizi, mara soko zima linapiga kelele. Katika hatua ya kwanza kelele hulingana na kilichoibwa: wa yai atalia kidogo, wa ng'ombe atalia sana. Vifaa vya namna hiyo huweza kutofautisha eksirei ya nguvu hii na ya nguvu ile. Ukizidisha volti tena, unafika mahali ambapo yai na ng'ombe hupigiwa kelele ile ile. Hicho ndicho kifaa maarufu cha Geiger, Mjerumani ambaye mwaka 1928, pamoja na mwanafunzi wake Müller, alikitengeneza kwa sura inayojulikana mpaka leo. Kinafaa kukuambia kwamba mionzi ipo. Kupima dozi ya mgonjwa kwa makini si kazi yake. Kazi hiyo ni ya chemba isiyopiga kelele, inayokusanya tu vifaranga waliotawanyika bila kuongeza hata mmoja.

Shaba ya mashamba ya kahawa

Kabla sijafika hospitalini, naomba tupande kidogo mlimani, maana kuna kazi nyingine ya chemba hizi isiyomgusa mgonjwa, na ndiyo inayoonyesha vizuri ni lini mizani hii hujisahihisha yenyewe na ni lini haijisahihishi.

Ukitoka Kiboriloni ukashika barabara ya kupanda Old Moshi unaingia kwenye vihamba, migomba na mibuni pamoja. Kwa miaka mingi mibuni ya mkoa huu imepuliziwa dawa za shaba kuzuia magonjwa ya majani na ya matunda. Wazee wanaukumbuka mrututu na rangi yake ya buluu. Lakini shaba ni madini, nayo haiozi. Inayodondoka kutoka kwenye majani hubaki katika udongo wa juu, mwaka baada ya mwaka. Watafiti waliopima udongo wa mashamba ya kahawa ya Kilimanjaro wameandika, mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwamba shaba imerundikana humo. Leo baadhi ya mashamba hayo mibuni imeng'olewa, yanapandwa mahindi, maharage na mboga. Kwa hiyo si udadisi mtupu kuuliza: shaba hiyo ni kiasi gani, na iko katika hali gani? Maana shaba iliyoshikwa barabara na mboji ya udongo si sawa na ile inayoyeyuka kwenye maji na kufyonzwa na mzizi.

Eksirei inaweza kujibu maswali yote mawili. Kila elementi ina kiwango chake cha nguvu ambapo ghafla huanza kufyonza eksirei kwa uroho. Cha shaba ni elektroni-volti 8,979. Unatengeneza mwali wa eksirei ambao nguvu yake unaweza kuipandisha polepole, unaupitisha katika sampuli yako, na unaangalia ni wapi sampuli inaanza kufyonza zaidi. Kiwango hicho husogea kidogo kulingana na hali ya shaba yenyewe, na baada yake huonekana mawimbi madogo yanayosimulia atomu zipi zinaizunguka shaba na ziko umbali gani. Ni Wamarekani watatu, Sayers, Stern na Lytle, walioonyesha mwaka 1971 namna ya kuyasoma mawimbi hayo.

Na mizani? Ni chemba mbili. Ya kwanza inakaa mbele ya sampuli, ya pili nyuma yake. Ya kwanza inahesabu eksirei zinazoingia, ya pili zinazotoka. Tofauti yake ndiyo iliyofyonzwa. Ni kama kuweka karani mmoja mlango wa kuingilia ghala na mwingine mlango wa kutokea.

Ila karani wa kwanza asiwe mlafi. Akila kila kinachopita, ghala halipati kitu. Hapa ndipo uchaguzi wa gesi unapoingia. Katika chemba ya urefu wa sentimita 10, kwa eksirei za nguvu hii ya shaba, nitrojeni hufyonza karibu 6 katika kila 100 na kuziacha nyingine zipite. Agoni, katika chemba ya urefu ule ule, hufyonza karibu robo tatu. Basi mbele unaweka nitrojeni, au nitrojeni yenye agoni kidogo, na nyuma, ambako hakuna tena wa kusubiri, unaongeza agoni. Kwa eksirei dhaifu zaidi watu huchanganya heliamu, na kwa kali zaidi hutumia kriptoni. Fundi mwenye uzoefu huchanganya gesi zake kama mama anavyopima maji ya ugali.

Sasa, shaba katika udongo ni kidogo mno. Ukiutazama mwali uliopita katikati ya udongo, mabadiliko yanayoletwa na shaba humezwa na yale ya chuma na mawe. Hivyo watalaamu huacha kutazama nyuma, wakatazama ubavuni. Shaba iliyofyonza eksirei haikai nayo. Huitapika kama mng'ao wa eksirei wa nguvu yake yenyewe, elektroni-volti 8,048, na mng'ao huo huenda pande zote. Unaweka chemba pana yenye agoni upande, pembe mraba na mwali, ukusanye mng'ao. Chemba ya namna hii wengi huiita kwa jina la yule Lytle.

Lakini chemba hii haichagui. Hupokea mng'ao wa shaba na hupokea pia eksirei za mwali zilizogonga udongo na kurudi kama mpira. Dawa yake inapendeza kwa urahisi wake: unaweka mbele ya chemba karatasi nyembamba ya nikeli. Nikeli ni jirani wa shaba, ni elementi ya 28 na shaba ni ya 29. Uroho wake huanzia elektroni-volti 8,333. Mng'ao wa shaba uko chini ya hapo, kwa hiyo sehemu kubwa yake hupita. Eksirei zilizorudi kutoka kwenye mwali ziko juu ya hapo, kwa hiyo nyingi hukamatwa. Jirani anayajua mambo ya jirani.

Kazi ya kufyonza na mawimbi yake huhitaji mwali mkali sana, unaotoka kwenye duara kubwa ambamo elektroni hukimbizwa karibu na mwendo wa mwanga. Mtambo huo huitwa sinkrotroni. Afrika ndilo bara pekee linalokaliwa na wananchi ambalo halina hata mmoja. Ulio jirani ni ule wa SESAME nchini Jordan, uliofunguliwa rasmi Mei 2017, na Misri ni mwanachama wake. Kazi ya kupima mng'ao peke yake, kujua kuna shaba au risasi kiasi gani, hufanyika kwa mashine ndogo, hata hapa jirani Arusha kwenye maabara ya Tume ya Nguvu za Atomu. Mashine nyingi za siku hizi zimeiacha gesi zikatumia silikoni. Mwanzo wake, hata hivyo, ni sanduku la gesi.

Nimeyaeleza haya kwa sababu moja. Katika kipimo cha makarani wawili, kosa la hewa halina sumu kubwa. Ikiwa mgandamizo wa hewa umeshuka, chemba zote mbili zinashuka pamoja, na unapolinganisha mbele na nyuma kosa kwa sehemu kubwa linajifuta. Hospitalini hakuna karani wa pili. Chemba ni moja, na neno lake ndilo dozi ya mgonjwa.

Miligramu moja ya hewa

Chemba inayotumika kupima mashine za tiba ya mionzi ni ndogo kama ncha ya kidole. Iliyo maarufu zaidi ina ujazo wa sentimita 0.6 za ujazo. Nimefanya hesabu: hewa inayokaa humo, ukiwa pwani, haifiki hata miligramu moja. Punje moja ya mchele ina uzito mara nyingi zaidi ya hapo. Juu ya hewa hiyo kidogo ndipo hesabu yote ya tiba inaposimama.

Chemba hizo nyingi zina kitundu kidogo cha kupumulia. Hewa ya ndani ni ile ile ya chumbani. Na hewa ya chumbani Moshi si ile ya Ocean Road.

Wapagazi wanaopandisha wageni mlimani wanalijua hili kuliko maprofesa. Chupa ya maji iliyokunywewa ikaisha na kufungwa kizibo pale Kibo, kwenye mita 4,700 hivi, ikishushwa mpaka lango la Marangu utaikuta imebonyea kama iliyokaliwa. Hakuna aliyeikalia. Hewa iliyofungiwa juu ilikuwa nyepesi, na hewa ya chini ni nzito, basi ya chini imeikandamiza. Kileleni Uhuru, mita 5,895, mgandamizo wa hewa ni karibu nusu ya ule wa baharini. Uwanja wa ndege wa KIA uko mita 894 juu ya usawa wa bahari, na mji wetu wa Moshi uko katika mwinuko usiopishana sana na huo. Hapo mgandamizo ni kilopaskali 91 hivi, wakati kawaida ya usawa wa bahari ni 101.3.

Hewa ikiwa nyepesi, atomu za kugongwa ni chache. Kuku uwanjani wamepungua, na mwewe yule yule, kwa kasi ile ile, atatawanya vifaranga wachache. Chemba iliyopewa cheti kwa hali ya kawaida, yaani nyuzi 20 za Selsiasi na mgandamizo wa usawa wa bahari, ikiletwa Moshi siku ya nyuzi 25, itasoma 88 mahali ambapo kweli ni 100. Chemba si mbovu wala mashine si mbovu. Ni hewa tu.

Dawa inajulikana na ni rahisi. Unapima joto kwa kipimajoto, unapima mgandamizo kwa baromita iliyopo chumbani, na unazidisha. Kwa Moshi siku hiyo utazidisha kwa 1.13. Ukifanya hivyo 88 inarudi kuwa 100, na kila mtu analala usingizi.

Kisa cha uwanja wa ndege

Tatizo huanza pale ambapo baromita haipo, au imeharibika, na mtu anaamua kupiga simu uwanja wa ndege. Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, katika kitabu chake cha mwaka 2000 cha mafunzo yaliyotokana na ajali za tiba ya mionzi, limeeleza kisa cha hospitali iliyokuwa katika nchi ya juu ambako ndivyo ilivyofanyika. Haikutajwa jina, wala mimi silitafuti. Uwanja wa ndege ulitoa namba kwa uaminifu kabisa. Lakini viwanja vya ndege, kwa faida ya marubani, hutoa mgandamizo uliogeuzwa kana kwamba uwanja uko ufukweni. Rubani akiiweka namba hiyo katika chombo chake, anaona kimo chake juu ya bahari. Kwa rubani hiyo ni namba ya uhai. Kwa fundi wa mionzi ni namba ya hatari.

Tufanye hesabu ya kwetu. Tuseme fundi mahali penye mwinuko wa Moshi ametumia namba ya pwani. Atasahihisha joto tu, na chemba yake itamwambia 90 mahali ambapo kweli ni 100. Ataamini mashine imedhoofika. Ataongeza muda wa kumpiga mgonjwa mionzi ili afidie upungufu usiokuwapo. Mgonjwa aliyeandikiwa 100 atapokea 111. Na mgonjwa anayefuata, na anayefuata, mpaka siku atakayetokea mtu wa kuuliza. Tangu mwaka 1976 tume ya kimataifa ya vipimo vya mionzi imependekeza kosa la dozi lisizidi asilimia 5, kwa sababu uvimbe wa saratani na nyama nzima zinazouzunguka haviachani mbali. Dozi ikipungua kidogo, uvimbe hurudi. Ikizidi kidogo, unaumia utumbo au kibofu.

Si maneno ya kutisha watu. Huko Exeter, Uingereza, mwaka 1988, kosa la kupima nguvu ya mashine ya kobalti iliyowekwa chanzo kipya lilifanya wagonjwa 207 wapokee dozi iliyozidi kwa robo. Lile halikuwa kosa la hewa. Lilikuwa la binadamu na hesabu. Lakini funzo ni lile lile: mashine ilikuwa nzima, madaktari walikuwa hodari, na kilichokosewa ni mizani. Nchi tajiri, yenye kila kifaa, ilipitiwa.

Sasa itazame ramani yetu. Dar es Salaam na Mombasa ziko pwani. Lakini Nairobi iko zaidi ya mita 1,600, Arusha karibu 1,400, Kampala na Mwanza zaidi ya 1,100. Sehemu kubwa ya Afrika Mashariki ni nchi ya juu, na vyeti vya vifaa vyetu vimeandikwa kwa hewa ya baharini. Kwa miaka mingi mgonjwa wa saratani wa Kilimanjaro aliyehitaji mionzi alipanda basi kwenda Ocean Road, akaacha shamba na watoto. Kila hatua ya kuileta tiba hiyo karibu na Mlima, hapo KCMC, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1971, ni ya kupigiwa vigelegele. Ila tiba ikipanda mlima, baromita nayo haina budi kupanda.

Stika iko wapi?

Ndugu yetu wa Kiboriloni aliuliza stika. Ipo. Sheria ya mwaka 2003 iliunda Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, yenye makao yake Arusha, ikachukua nafasi ya Tume ya Taifa ya Mionzi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1983. Tume hiyo ina maabara ya kuhakiki vifaa vya kupimia mionzi. Kifaa cha hospitali hupelekwa huko, hulinganishwa na kifaa cha marejeo, nacho kifaa cha marejeo hulinganishwa na cha ngazi ya juu yake huko ng'ambo. Ni mlolongo kama wa mizani ya soko, ambayo jiwe lake limelinganishwa na jiwe la Wakala, na la Wakala na la taifa. Na yako maulizo mengine ya kificho: tangu mwaka 1969 Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki na Shirika la Afya Duniani wamekuwa na utaratibu wa kutuma kwa posta vipimo vidogo hospitalini. Hospitali huvipiga mionzi, huvirudisha, na huko huangaliwa kama kilichosemwa ndicho kilichotolewa.

Kwa hiyo mizani ipo, na stika ipo. Linalobaki ni desturi ya kuuliza. Mimi nimepata kuuliza, katika kituo kimoja cha eksirei nisichokitaja, cheti cha kifaa cha kupimia kiko wapi. Nilijibiwa kwa kicheko kwamba waandishi wa habari wana maswali mengi. Sikuona cha kuchekesha. Mwenye duka akiulizwa stika ya mizani hacheki, anaionyesha.

Simshauri mgonjwa aingie chumba cha tiba na baromita mfukoni. Anayeumwa ana mzigo wa kumtosha. Lakini wajumbe wa bodi za hospitali, madiwani, wabunge na sisi wenye kalamu tunaweza kuuliza maswali matatu yasiyohitaji shahada. La kwanza: kifaa cha kupimia dozi kilihakikiwa lini, na cheti kiko wapi? La pili: mgandamizo wa hewa unapimwa kwa baromita iliyopo chumbani humu humu, au kwa namba ya kuambiwa? La tatu: nani mwingine, asiye wa hospitali hii, amewahi kuangalia hesabu hizi? Hospitali inayojibu maswali hayo matatu bila kuhamaki, mpeleke mama yako kwa moyo mkunjufu, kwani tiba ya mionzi iliyopimwa vizuri imewaokoa wengi.

Kumbuka tunachokinunua hapa si maharage. Kilo pungufu ya maharage utairudia kesho. Baromita haina bei ya kuishinda hospitali yenye mashine ya mamilioni ya dola, na daftari la kuandika namba zake kila asubuhi linauzwa mpaka Kiboriloni. Wahenga hawakuijua chemba ya ayoni, lakini walitwambia kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Na hakuna mali inayoushinda uhai.

Hadi juma lijalo, kwaherini.